Pua ya Mke Wangu Irudishwe Ilivyokuwa

Kwa Muuguzi Mkuu,
Zahanati ya Mtaa.

YAH: OMBI LA KUZIBWA UPYA KWA PUA YA MKE WANGU

Ndugu Muuguzi Mkuu,

Natumaini hujambo, na wagonjwa wako hawajambo, kwa kadiri wagonjwa wanavyoweza kuwa hawajambo. Mimi ni fundi viatu wa pale kona, mkabala na geti lenu, yule wanayemwita Soli. Viatu vyako vyeupe vya kazini nimevishona mara mbili, na mara zote mbili ulisema havijawahi kukukaa vizuri namna hiyo. Kwa hiyo naandika kama mtu asiye na kinyongo nawe hata chembe. Nina malalamiko tu, nami nimeyapa namba ili yasikanyagane.

Kwanza nieleze chanzo. Mke wangu anashona magodoro ya sufi, na kwa vumbi lile pua yake ilikuwa imeziba tangu kabla sijamuoa. Mwezi uliopita alikuja kwako akilalamika kichwa kinamgonga na uso umemjaa. Badala ya kumpa vidonge viwili na pole, kama wanavyofanya wauguzi wenye huruma na waume za watu, wewe ukamwambia ni sainasi. Ukampa kibirika kidogo chenye mdomo mrefu. Ukamfundisha achemshe maji, ayaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, atie chumvi kidogo, ainamishe kichwa upande, amimine tundu la juu na angoje yatokee tundu la chini. Nilipomkuta mara ya kwanza ameinamia beseni, maji yanaingia kulia yanatokea kushoto, nilidhani kichwa chake kimetoboka na nyinyi mmenificha.

Siku ya nne alisimama katikati ya chumba, akavuta pumzi moja ndefu, kisha akageuka akanitazama. Amani ya nyumba yangu, Ndugu Muuguzi, iliishia kwenye pumzi ile.

1. Viatu. Kibanda changu hakina mlango wa kufunga, kwa hiyo viatu vya wateja navihifadhi nyumbani, chini ya kitanda. Huwa ni pea arobaini hivi: buti za fundi bomba, viatu vya mlinzi anayesimama juani kutwa, raba za mwalimu wa michezo ambazo hazijawahi kuonana na sabuni. Kwa miaka tisa mke wangu amelala juu ya miguu ya mtaa mzima bila kukunja uso. Asubuhi ile alipiga magoti, akachungulia uvunguni, akabaki hapo kama mtu anayesoma tangazo la msiba. Leo viatu vyote viko kibarazani. Na mimi nimewekwa pamoja navyo, na mkeka wangu.

2. Sigara. Siku ya ndoa nilimwahidi mke wangu kwamba hataniona tena nikivuta. Nimeitimiza ahadi hiyo kwa uaminifu mkubwa, hajaniona. Sikujua kwamba ipo njia nyingine ya kumkamata mtu. Sasa nikirudi ananipokea mlangoni, anainusa kola yangu kama afisa wa forodha, halafu anataja idadi. Juzi alisema tatu. Zilikuwa tatu, na moja sikuimaliza.

3. Maharage. Jumapili napika mimi, ili mwenzangu apumzike. Maharage yangu huungua chini kidogo, na juu kidogo, na kwa miaka tisa ameyala, ameyasifu na ameomba kuongezwa. Jumapili iliyopita alitia kijiko kimoja mdomoni, akaacha kutafuna, akaniuliza kwa upole kama haya ndiyo yale yale ya siku zote. Nikamjibu kwa fahari kwamba sijabadilisha kitu. Akaweka kijiko chini. Nikamwona anapiga hesabu ya Jumapili kichwani mwake, na machozi yakamlengalenga.

4. Baba mkwe. Hili naliandika huku nimeinamisha kichwa. Siku moja baada ya kibirika kuletwa, kabla sijaambiwa kazi yake, baba mkwe alitutembelea na mke wangu alikuwa amepeleka godoro kwa mteja. Baba mkwe ni mtu ambaye tangu anipe binti yake hajawahi kunipa neno zuri. Nikatafuta chombo cha heshima, nikakiona kibirika rafuni, kidogo, cheupe, kinang'aa. Nikatilia chai humo. Alikunywa vikombe vitatu! Akasema hajawahi kunywa chai yenye ladha ya namna ile, na kwamba huenda alinidharau mapema mno. Mke wangu alirudi, akaona, akangoja baba yake aage, ndipo akanieleza kwamba alishakitumia asubuhi. Hebu pima mwenyewe: sifa pekee niliyowahi kupata kwa mkwe wangu imepitia puani kwa binti yake. Na ubaya zaidi, sasa anakuja kila Ijumaa na kuulizia chai ya birika lile. Nikimpa ni dhambi, nikimnyima narudi kuwa mkwe asiyefaa.

5. Riziki. Mke wangu alianza kuja kibandani kunisaidia, jambo ambalo sikuliomba. Anapokea kiatu, anakivuta karibu na uso, kisha anamwangalia mwenye kiatu kwa huruma. Mwalimu wa michezo alirudishiwa raba zake zikiwa na kipande cha sabuni ndani, mbele ya wanafunzi wake. Habari zikaenea. Siku hizi watu wanaosha viatu kabla ya kuvileta. Na mtu akishaosha kiatu anagundua kumbe hakikupasuka, yalikuwa ni matope yaliyokauka, basi anakivaa na kwenda zake. Usafi, Ndugu Muuguzi, unaniua polepole, na chanzo cha usafi huu ni wewe.

6. Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo zito kuliko yote. Mke wangu ameniambia, bila hasira, na ndiyo maana naogopa, kwamba mpaka Jumamosi viatu viwe vimepata kwao. La sivyo yeye atakwenda kwa dada yake mkubwa, na godoro lake, na kibirika chake. Hayo mengine yote ningeyameza. Hili sijui nilimeze vipi. Nampenda mke wangu. Kwa miaka tisa nimelala nikisikia pua yake ikipiga filimbi, na hiyo filimbi ndiyo iliyoniambia kwamba yupo. Sasa anapumua kimya kabisa, na mimi huko kibarazani, nimebanwa kati ya buti mbili, sina namna ya kujua kama bado yumo ndani.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu mambo yafuatayo. Kwanza, kibirika kirudishwe zahanati kwa kisingizio chochote utakachokiona kinafaa, mimi sitakusaliti. Ikishindikana, basi lizibwe tundu moja tu, la kushoto, maana huo ndio upande niliokuwa nalala. Ikishindikana hata hilo, andika cheti chenye mhuri kinachosema kwamba hewa ya viatu arobaini ni dawa ya sainasi ikivutwa usingizini. Mhuri wako anauheshimu kuliko neno langu.

Nakukumbusha pia kwamba viatu vyako vyeupe vimo mikononi mwangu tangu Jumatatu. Sijavizuia, sina tabia hiyo. Nasema tu kwamba soli ya kulia bado inafikiri.

Nisalimie daktari, nisalimie dada wa mapokezi na yule mzee wa dawa asiyejibu salamu. Mlinzi wa geti mwambie buti zake ziko salama, ziko kichwani pangu kabisa. Wasalimie na wote walio kwenye foleni, hasa wenye mafua. Wasikubali kutibiwa haraka.

Ni mimi, niliyehamishiwa kibarazani kwa amri ya pua,
Fundi Soli.

Tanbihi:

Nilikuwa nimeshakunja barua hii nikaona malalamiko sita ni machache, heri nipate la saba. Mke wangu alikuwa nje anaanua shuka, nikasema ngoja nikijaribu kibirika chenyewe, nikione kilivyo kibaya ili niandike kwa ushahidi. Nilikiosha, nikafuata maelekezo yako yote, maji ya kuchemshwa, chumvi, kichwa upande. Kilichotoka puani mwangu sitakieleza kwenye barua. Kulikuwa na gundi ya viatu ya miaka ishirini na miwili.

Kisha nikavuta pumzi.

Kwanza vilinifikia viatu. Nilitoka nje kibarazani nikavitazama, na nikataka kumwomba radhi mke wangu kwa kila pea. Halafu yakanifikia maharage ya Jumapili, ambayo sufuria yake bado sijaiosha. Halafu kola yangu mwenyewe. Nikawa nimesimama pale kama mtu aliyefumaniwa na nafsi yake, na mke wangu akapita kando yangu amebeba shuka. Ndugu Muuguzi, alinukia. Sabuni, na sufi mpya, na mafuta ya nywele, na kitu kingine ambacho ni cha kwake tu. Miaka tisa nimeishi na mtu huyu na sikujua. Nilimfuata mpaka ndani bila kuulizwa, na hakunirudisha.

Basi chana barua hii, au isome kwa kucheka. Seremala amekwisha kuja kupima mlango wa kibanda, na viatu vinahamia huko kabla ya Jumamosi. Leo mlangoni kola yangu imenuswa, ikapatikana sifuri, na ni kweli ilikuwa sifuri. Naomba na mimi kibirika changu, kwa sababu ulisema kila pua iwe na chake, na mke wangu hiki chake hataki hata nikiguse tena. Na cha tatu kwa ajili ya baba mkwe, lakini huyo umweleze wewe mwenyewe.

Viatu vyako viko tayari, soli imeshaamua. Nimevinusa mwenyewe kabla ya kuvifunga. Ndani ya mfuko utakuta kipande cha sabuni. Usikasirike, huenda na wewe pua imeziba.