Shughuli ya Mpira

Jumatatu, 3 Juni
Daktari amesema tezi dume imevimba na Alhamisi ataikwangua. Baada ya hapo nitakaa na mpira siku tatu, yaani ule mrija wa kutolea mkojo. Nimekubali bila ubishi. Leo pekee nimeinuka mara tisa kwenda msalani, na kila nikiinuka, fundi mwenzangu Mkasi ananitazama, kisha anatazama saa. Namjua. Anaitaka cherehani yangu ya dirishani, yenye mwanga mpaka jioni. Miaka kumi na moja nimeketi pale. Akisikia naumwa tu, nitarudi nikute kiti kimeshakaliwa.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata hila! Nimemuaga mama mwenye karakana kwamba naondoka wiki mbili kwa shughuli ya mpira. Si uongo. Akauliza kwa furaha kama ni kazi ya jezi. Nikatabasamu tu. Basi akatangaza kwamba cherehani ya dirishani haiguswi na mtu mpaka nirudi na vipimo vya wachezaji. Mkasi akanuna, naye akaomba ruhusa ya kwenda harusini kwa binamu yake. Wivu huo.

Mke wangu ameniambia niache utoto, nikaseme ukweli. Nimemjibu kwamba nimeshausema, mama ndiye aliyeuelewa vibaya.

Jumatano, 5 Juni
Nimelazwa. Nimekuja na mkoba wa bega niliojishonea kwa mabaki ya suti ya kijivu, una bitana na kifungo, wa kufichia mfuko wa mkojo. Muuguzi akasema nisitie kitu mdomoni kuanzia saa sita usiku. Nikala chakula cha jioni mara mbili, kwa tahadhari.

Ijumaa, 7 Juni
Nimepona! Au nakaribia. Jana walinichoma sindano ya mgongo, miguu ikaniaga, na daktari akawa anapiga mluzi muda wote. Mkojo ulikuwa mwekundu, leo umepauka. Muuguzi ananisimamia maji glasi kwa glasi.

Asubuhi nikatoka kunyoosha miguu koridoni, mkoba begani, mtanashati kabisa. Nani anakuja mbele yangu? Mkasi, na mfuko wake wa mkojo mkononi, wazi, kama mtu anayetoka sokoni. Tukatazamana. Nikamuuliza harusi inaendeleaje. Akaniuliza mpira ni ngapi ngapi. Tulicheka mpaka muuguzi akaja kutukanya.

Kumbe hakuwa akihesabu safari zangu. Alikuwa akingoja zamu ya choo, nami nachelewa kutoka. Nilimwonea bure, maskini.

Jumapili, 9 Juni
Mpira umetolewa. Nikaenda msalani kwa woga. Mkojo ukatoka wenyewe, kwa kasi, kwa sauti! Nilisimama pale machozi yakinitoka kwa furaha. Mke wangu aliyekuwa mlangoni akauliza kama kuna tatizo. Nikamwambia asikilize. Mkoba nimemwachia Mkasi, mpira wake unatolewa kesho.

Ijumaa, 21 Juni
Nimelala vizuri wiki nzima. Leo tumerudi kazini, na nimemwahidi mke wangu kwamba nitasema kila kitu. Mkasi pia amekubali, tena anasema dirisha ni langu, yeye mwanga unamuumiza macho.

Tukakuta kiti changu kimefutwa vumbi, cherehani imetiwa mafuta. Mama akauliza mpira ulikwendaje. Mkasi akanikanyaga mguu ili niseme. Nikafungua kinywa. Jua likawa linaangukia kile kiti changu. Nikasema ulikwisha salama. Akauliza vipimo viko wapi. Nikasema Jumatatu.

Njiani Mkasi akaniuliza, kwa hasira, timu nitaitoa wapi. Nimemtuliza. Pale wodini tulikuwa wanaume wanane, sote tunatembea sasa. Tunatafuta watatu tu.