Mlima wa Kumposea Pélagie

Jumatano, 14 Mei
Nimepata mpango. Pélagie, mjane wa mtaa wa Jakobsberg huku ughaibuni, kalalamika tena kanisani kwamba hajaona mlima wa maana tangu atoke Uvira. Nami natoka Uvira. Norbert, ambaye naye anamtaka, anatoka Kisangani, kwenye tambarare, ila ana Volvo. Lazima nimpose Pélagie kabla Volvo haijamposa. Leo nikipiga deki ofisini Kista nikakumbuka hekalu la Wabudha, juu ya kilima msituni. Nimemwambia ni mlima. Kakubali Jumamosi!

Ijumaa, 16 Mei
Nimepiga simu hekaluni. Mtawa mmoja kutoka Thailand akanikaribisha, akasema wao wanakula saa tano. Vizuri. Kwetu mgeni akichelewa, chakula kinamngoja. Pélagie anapika sombe, yale majani ya muhogo, na ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, maana haendi kwa watu mikono mitupu. Norbert kajitolea kutupeleka. Nikamjibu mahujaji hawaendi kwa gari.

Jumamosi, 17 Mei
Treni hadi Jordbro. Basi likatuacha. Saa nzima kituoni, sufuria magotini. Mwishowe tukapanda kwa miguu. Pélagie akauliza mlima uko wapi. Nikasema tuko juu yake.

Tulifika saa saba. Mtawa akainama, akaeleza kwa upole kwamba adhuhuri ikipita hawali tena hadi kesho. Pélagie akanuna. Kwetu sufuria ikirudi imejaa, mwenyeji amekutukana. Nikamwambia mtawa kwamba kwa saa za Uvira bado ni saa tano. Pélagie akasema, mbele yake, kwamba majira haya saa za Uvira na za huku ni zilezile.

Ndipo wakagonga kengele. Sauti ya ile rimu ya lori iliyoning'inia shuleni kwetu Kalundu! Nikamwona mama akishuka mlimani na mzigo wa kuni. Nikapakumbuka nyumbani. Pélagie alikuwa analia. Maneno ya posa nilikuwa nayo mfukoni, kwenye karatasi. Nikayasahau. Tukakaa tu tukitaja mito ya kwetu: Mulongwe, Kalimabenge, Kavimvira.

Basi la kurudi halikuwepo. Ikabidi nimpigie Norbert. Alikula sombe yote akiwa amesimama, akisifia kila tonge.

Jumapili, 18 Mei
Pélagie kanishukuru mbele ya kanisa zima. Eti jana nilimrudisha nyumbani, na tangu leo mimi ni kaka yake wa tumbo moja. Jumamosi anarudi hekaluni na Norbert, kwa Volvo, wafike saa nne.

Iliniuma sana, hata chai sikunywa. Halafu nikafikiri. Dada akiposwa, anayeendewa ni kaka. Norbert akitaka kuoa, barua ya posa ataleta kwangu, nami nitaikataa. Kisha nitaleta yangu mwenyewe, na kama kaka mtu nitaikubali.