Nafasi Kando ya Kinyozi

Kinanda aliingia ofisi ya makaburi ya manispaa akikimbia. Upande wa pili wa barabara alikuwa anakuja mama mmoja ambaye yeye alimuuzia pasi isiyopata moto, na mlango uliokuwa wazi ulikuwa huo tu. Angejua ni ofisi ya wafu, pengine angeona bora akutane na mama na pasi yake, maana kijana huyu mwenye ulimi wa asali aliogopa makaburi kuliko alivyoogopa polisi. Kibao alikiona akiwa ameshaingia. Lakini ndani alikuta kitu kilichomsahaulisha hofu: mtu mwenye tai anayekaribia kulia.

Huyo alikuwa Afisa wa Makaburi. Mbele yake, juu ya meza mbili zilizounganishwa, ilitandazwa ramani ya karatasi kubwa kama shuka, imechakaa, imebandikwa gundi kila kona, na katikati ina duara la kikombe cha chai ambalo wageni wengi walidhani ni kisima.

"Wakubwa wanataka hii yote iingie kwenye kompyuta," Afisa alilalama, bila hata kumuuliza mgeni ni nani. "Kila kaburi na kila jina. Nianzie wapi mimi?"

Kinanda akavuta kiti. Jina hilo alipewa mtaani kwa sababu mdomo wake, popote ulipoguswa, ulitoa muziki.

"Anzia kwangu, mheshimiwa. Kazi yangu ndiyo hii. Nimeshaingiza makaburi ya miji mitatu, na hakuna marehemu hata mmoja aliyelalamika."

Afisa alicheka, akaona haya kucheka mahali kama pale, na ili kuificha aibu yake akamwajiri.

Kwenye kona alikaa Mama Karani, mjane wa kinyozi, aliyeitunza ramani ile tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alimtazama Kinanda juu mpaka chini.

"Mwanangu, humo kuna alama za penseli," alisema. "Usije ukazipita."

"Mama, mashine yangu inaona mpaka kile ulichofikiria ukaacha kuandika!"

Mashine yenyewe aliiazima kwa rafiki yake mpiga fotokopi, akaiweka kwenye nyeusi na nyeupe kwa sababu hivyo ndivyo inavyokwenda haraka. Kila kilichofifia kilipotea. Ramani ikatokea kwenye kompyuta safi, imenyooka, haina hata lile duara la chai. Afisa alifurahi kupita kiasi. Aliikunja ile ya karatasi, akaifungia kabatini na kutangaza kwamba imestaafu.

Yalibaki majina. Kinanda hakuwa mtu wa kuchosha vidole, kwa hiyo alimfundisha Mama Karani kuandika, kufuta, kubonyeza na kuburuta, kisha akamwachia kazi yote, yeye akabaki na kupokea pongezi. Makaburini hakukanyaga hata siku moja. Alidai majani yanamfanya apige chafya.

Siku moja, miguu ikiwa juu ya meza, akaona kitu kwenye ramani. Mji mzima ulijua kwamba safu ya kwanza, ile ya langoni inayoonekana na kila mpita njia, ilijaa zamani. Lakini hapo kwenye kioo, kando ya kaburi la kinyozi, palikuwa na kisanduku cheupe kisicho na jina. Kinanda akashusha miguu, akavaa koti, akaenda moja kwa moja kwa Mwenye Bucha.

Mwenye Bucha alikuwa na mwili mkubwa, mfuko mkubwa, na adui mmoja tu duniani: Mwoka Mikate wa duka la pili. Mwoka Mikate alikuwa amejipatia nafasi safu ya pili makaburini, na hakuacha kuwatangazia wateja.

"Anasema nini siku hizi, mzee wangu?" Kinanda aliuliza, akijifanya anachagua maini.

"Anasema hata siku ya kufufuliwa atakuwa mbele yangu kwenye foleni. Mtu wa maandazi!"

"Na nikikuambia ipo nafasi safu ya kwanza?"

Kisu kilisimama hewani. "Safu ya kwanza imejaa."

"Imejaa kwa wanaosoma karatasi, mzee. Sisi tunaosoma kompyuta tunaona mengine. Ila hili ni la mlango wa nyuma, na usiniombe risiti."

Watu wenye mali wana udhaifu wao: ukiwaambia kitu ni cha mlango wa nyuma, wanaona mlango wa mbele ni wa maskini. Mwenye Bucha alilipa palepale. Kesho yake alikwenda na mkewe kuijaribu nafasi. Alilala chali kwenye majani, mikono kifuani, akauliza kama tumbo lake linaonekana kutoka barabarani.

"Linaonekana hata kutoka sokoni," mkewe alimjibu.

Akaondoka ameridhika kabisa.

Sasa, nafasi ile ilikuwa na mwenyewe. Wiki waliyomzika kinyozi, afisa wa wakati ule alichora alama ya penseli kando ya kaburi na kumwambia mjane, hapa ni pako, nenda ukapumzike. Tangu hapo, kila jioni akitoka kazini, Mama Karani alipita kumsimulia mumewe habari za siku, nani kaoa, nani kafilisika, nani kanyolewa vibaya. Hakuwa na watoto, nyumba yenyewe ya kupanga. Mahali pekee duniani alipopaita pake ni hapo.

Asubuhi alipobonyeza kisanduku chake na kukuta jina la Mwenye Bucha, aliinuka kitini. Alikwenda chooni akalia, akanawa uso, akaingia kwa Afisa.

"Mama, kompyuta imesema ni ya Mwenye Bucha," Afisa alimwambia.

"Imesema kwa sababu imeambiwa!"

"Penseli ni penseli, mama. Kompyuta ni kompyuta."

Alirudi mezani kwake amekasirika, hasira ile ya mtu mpole, ambayo haina kelele. Alimtazama Kinanda anavyopiga miayo kwa raha. Halafu akamchemshia chai, akaizidisha sukari, na mtaalamu alipotoka kwenda kunyoa ndevu, Mama Karani akashika kipanya na kufanya kama alivyofundishwa. Alilibonyeza lango la makaburi, akaliburuta taratibu, akaliweka upande wa nyuma.

Kinanda aliporudi, macho yalimtoka.

"Mama! Mbona lango liko nyuma?"

"Mimi najua nini, mwanangu? Wewe ndiye mtaalamu. Mimi nabonyeza ninapoambiwa."

"Nani mwingine ameigusa hii kompyuta?"

"Bwana Afisa alikaa nayo jana mchana kutwa, kajifungia."

Hilo lilikuwa kweli tupu. Afisa alikuwa anacheza karata. Lakini kichwa cha Kinanda kilishaanza kupiga muziki wake. Wakubwa wanahamisha lango! Kwa siri! Safu ya nyuma inakuwa ya mbele! Akaitazama safu ya nyuma: visanduku vyeupe mwanzo mpaka mwisho. Haikumjia hata kujiuliza kwa nini katika makaburi yaliyojaa, safu nzima imekaa bila mtu.

Safari hii hakutaka ujanja mdogo. Safu nzima isingeweza kupita mlango wa nyuma bila kuonekana, kwa hiyo alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe: alipanga foleni kwa keshia, akalipa kihalali, akapewa risiti yenye mhuri. Ziliingia fedha zote za bucha, na za saa yake ya mkononi aliyoiuza, na za koti lenyewe. Mwizi aliyejaribu uaminifu siku moja! Tumwonee huruma, maana hakuwa na uzoefu.

Kisha akamkimbilia Mwenye Bucha.

"Mzee wangu, lango linahama. Safu ya kwanza inakuwa ya mwisho. Nakuhamishia ya nyuma kabla Mwoka Mikate hajasikia. Utaniongezea kidogo tu."

"Mbele yake kabisa?"

"Atakuona kisogo milele."

Mwenye Bucha aliongeza. Kinanda akamsihi asiende kuijaribu, siri isije ikavuja, akarudi ofisini na kufuta jina lake kando ya kinyozi. Mama Karani alikuwa amesimama nyuma ya kiti na kipochi mkononi. Kinanda hajatoka mlangoni, mama ameshafika kwa keshia. Hajavuka barabara, mama ameshaandika jina lake kwenye kisanduku, na namba ya risiti chini yake.

Lakini mtu anayetaka kaburi zuri hawezi kulikalia mbali. Jumapili asubuhi Mwenye Bucha alimpeleka mkewe safu ya nyuma, akaona majani marefu, mabichi, laini. Akajilaza kwa kishindo. Mkewe alisikia "chubwi," halafu hakumwona mume.

Jumatatu aliingia ofisini na nguo zilezile kama ushahidi, tope limemkaukia mpaka shingoni.

"Kinanda! Umeniuzia kaburi au bwawa la samaki? Nimetoka na chura mfukoni!"

Kinanda alipauka. "Mama Karani, hebu mweleze mzee..."

Mama Karani alifungua kabati, akaitandaza ramani ya karatasi. Safu ya nyuma yote ilipakwa buluu hafifu.

"Hapo ni maji, tangu enzi. Mashine yako haikupenda rangi, mwanangu. Wala penseli."

"Na lango?"

Akashika kipanya, akaliburuta lango likarudi mbele. "Nilikuwa najifunza kuburuta. Si wewe uliyenifundisha?"

Kinanda akamgeukia Afisa, nusura apige magoti. "Mheshimiwa, nirudishiwe fedha zangu!"

Afisa alichungulia kioo kwa makini. "Kompyuta imesema safu yote ni yako, na umelipa. Hongera sana."

Mwenye Bucha hakutaka kesi. Alitaka pakavu. Alimshika mtaalamu ukosi, akampeleka safu ya nyuma, akampa jembe achimbe mtaro, yeye akakaa kwenye kiti cha plastiki kusimamia. Kinanda alichimba, macho yakikwepa makaburi upande huu na huu.

Siku ya tatu Mwoka Mikate alishindwa kuvumilia. Kila alipopita alimwona adui yake amekaa palepale, ametulia, analimiwa. Akasogea uzioni.

"Hapo kuna nini?"

Kinanda, tope magotini, alifungua mdomo kwa furaha. Mwenye Bucha akamwahi.

"Hapa? Hapauzwi," alisema kwa huzuni nyingi. "Labda kama ungekuja na fedha taslimu, kabla jua halijazama."

Fedha zikaja, na zaidi ya zile alizopoteza Mwenye Bucha. Kinanda aliomba fungu lake, akaambiwa aendelee kuchimba.

Jioni hiyo Mama Karani alipita kwa mumewe, akakaa kwenye majani, akavua viatu, akamsimulia yote tangu mwanzo, akicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akapangusa machozi na kulipapasa lile jiwe.

"Nafasi yangu imerudi, baba," alisema. "Lakini usianze kunitandikia."