Mfupa Juu ya Gego la Mpwa Wangu

Jumatatu, 3 Juni
Jamani! Nimegundua ugonjwa! Dada yangu kamleta binti yake wa miaka sita kliniki ya meno, kuna kitu kinamchoma akitafuna. Daktari mkuu alikuwa na mgonjwa. Nikamwambia dada asihangaike, mjomba mtu nipo. Kweli mimi ni msaidizi tu, kazi yangu kuchemsha vifaa na kushika taa, lakini macho ninayo. Nikachungulia. Nyuma kabisa gego lake la kwanza la kudumu ndiyo kwanza linatoboa fizi, na juu yake kuna kitu cheupe, kidogo kama punje ya mchele, kigumu! Mfupa unaota juu ya jino! Miaka kumi na moja hapa sijaona kitu hicho. Ijumaa madaktari wote wana kikao. Nitauwasilisha mimi mwenyewe, na ugonjwa utaitwa kwa jina langu.

Jumanne, 4 Juni
Nimempitisha mpwa eksirei kimyakimya. Mama wa eksirei akaitazama picha huku anapiga miayo. Akasema ni kijipande cha mfupa kilichobaki juu ya jino linalopanda, hakijashikana na kitu, kitadondoka chenyewe. Wivu huo! Tangu nimwambie picha zake zina ukungu, hanipendi.

Ila hilo la kudondoka limeninyima raha. Kikidondoka kabla ya Ijumaa nitaonyesha nini? Mpango: mtoto asitafune kabisa. Supu na maziwa tu. Na upande ule asipigwe mswaki! Nimemwagiza dada kwa sauti nzito ya kidaktari. Akauliza kama ni kitu kibaya. Nikajibu bado tunachunguza.

Jumatano, 5 Juni
Shemeji kapiga simu. Eti dada hajatia kitu kinywani tangu jana, analia tu jikoni, anaamini mtoto ana uvimbe wa taya na atakatwa. Nikamwambia ugunduzi hauna haraka. Akanikatia simu. Roho imeniuma, nakiri. Ningeweza kusema tu kwamba sijui. Lakini zimebaki siku mbili jamani! Mpwa naye kaniambia ananichukia mimi na supu yangu.

Nimechora gego kwa rangi tatu. Limependeza.

Ijumaa, 7 Juni
Lo! Lo! Madaktari kumi na wawili vitini. Nimeongea dakika ishirini, jina langu nimelitaja mara nne. Nikaita mgonjwa. Akaingia anatafuna karoti mbichi! Mama wa eksirei ndiye kampa, palepale koridoni. Mpwa akaniwekea kiganjani kitu cheupe, akasema kimetoka na wala hakijauma.

Daktari mkuu akakigeuza kwa kibano. Akaeleza kwa upole, afadhali angenifokea, kwamba gego la kwanza likipanda huweza kubeba kijipande cha mfupa juu yake. Ukiona kimekaa pale juu, picha ikionyesha kiko peke yake na jino halijazuiliwa, umeshajua ni nini. Hakuna cha kukata. Kisha akauliza nani kamkataza mtoto mswaki. Mimi macho kwenye mchoro wangu.

Dada alikuwa mlangoni, amesikia yote. Kwanza alilia kwa furaha, kamkumbatia mwanawe. Halafu akanigeukia. Aliyonimwagia mbele ya watu wale siyaandiki hapa.

Amri ya daktari mkuu: nisichungulie tena kinywa cha mtu.

Jumamosi, 8 Juni
Nimekwenda kwa dada kuomba radhi. Nimeapa mbele ya shemeji kwamba sijitii tena udaktari. Kwa moyo wangu wote! Dada akanisamehe, akasema siku tatu zile alikuwa anamhesabia mwanawe pumzi akilala. Nililia na mimi. Mpwa akatucheka sote, kinywa wazi.

Upande wa pili, gego jingine linapotaka kutokea, fizi imevimba. Na ni ya buluu! Buluu kabisa! Nani kawahi kusikia ugonjwa wa buluu? Nimemwomba dada aniachie mtoto Jumatatu asubuhi, tutembee kidogo tu, mjomba na mpwa wake.