Kigae cha Dodoma Kilichotaka Kuishinda Georgia

Jumanne, 14 Novemba 2017

Fedheha! Nimeisikia redioni nikisubiri watoto wa madam nje ya shule, hapa Dubai. Eti wachimbaji wamepata vigae vya mitungi huko Georgia, ile jirani na Urusi. Vina miaka elfu nane na ndani mna mabaki ya mvinyo. Wa kale kuliko wote, wanasema. Na sisi Dodoma je? Mimi nimezaliwa katikati ya mizabibu. Nimeonja zabibu kabla ya ziwa la mama.

Nimemweleza Thuwein, fundi cherehani wa Kizanzibari. Kacheka hadi pini zimemtoka mdomoni. Akasema bwana we, zabibu zenu zimeletwa na mapadri juzi tu, wakati marehemu baba yake keshaoa zamani. Nikamwambia nina ushahidi. (Sina.) Tukawekeana dau: nisipouleta, nakaa kimya barazani kwake Ijumaa zote za mwezi mzima, hata kukohoa kwa ruhusa. Mimi! Baraza lile bila mimi ni kaburi.

Jumatano, 15 Novemba

Nimemwendesha Daktari Martina, Mganda, mgeni wa madam, mwalimu wa kemia chuo kikuu cha hapa hapa. Nimemhoji njia nzima. Kumbe mvinyo hukauka lakini udongo hausahau! Asidi ya zabibu, jina lake tartariki, huzama kwenye vitundu vya mtungi ikalala humo. Wanatafuta na chavua ardhini. Na kokwa: za mzabibu wa porini fupi, za shambani ndefu zenye kidomo. Sijapata kusikia jambo tamu hivi. Nilisahau kukata kona; tulikuwa tukielekea Mirdif, tukatokea Ras Al Khor kwenye magereji.

Nikamwambia ninacho kigae cha babu wa babu yangu. Akauliza, kiko hapa Dubai? Nikasema huwa sisafiri bila hicho. Akasema nilete, wanafunzi wake wakipime. Ila nisikioshe!

Alhamisi, 16 Novemba

Kigae sina. Lakini Kibibi, mpishi wetu, ana mtungi uani, ukingo umepasuka. Nimemega kidogo. Nimekipaka vumbi la kale, la nyuma ya tangi. Ili nitie na kokwa, nimenunua zabibu kilo mbili. Nimezila zote, moja moja. Hazina kokwa! Hata moja! Dunia imeharibika. Tumbo linanguruma kama jenereta, na kigae nimempa Daktari hivyo hivyo, bila kokwa.

Jumanne, 21 Novemba

TARTARIKI IPO! Daktari kapiga simu mwenyewe, sauti imembadilika. Anasema ni nyingi ajabu. Usukani umelowa jasho langu. Maana, na hili liishie humu, mimi sikutia hata tone la mvinyo. Sasa imetoka wapi? Huenda mtungi wa Kibibi ni wa kwetu kweli. Huenda babu wa babu yangu aliushika. Nimeanza kumkumbuka hata sura.

Nimemtangazia Rama, mlinzi wa getini, na kila dereva wa mtaa huu. Ijumaa waje wote.

Ijumaa, 24 Novemba

Baraza lilijaa. Daktari alikuja na kigae kwenye mfuko wa nailoni. Nikahutubia. Nikaeleza babu alivyokamua zabibu kwa miguu akiwa na miaka mia na kumi, na simba wakipanga foleni kuonja. Thuwein kainama, anahesabu pini zake. Utamu ulioje!

Ndipo Kibibi akaingia na sinia la kashata. Akakitazama kigae. Akauliza, Mjomba Zephania, huo si ukingo wa mtungi wangu wa ukwaju?

Daktari akaruka kitini. Ukwaju? Kibibi akasema mtungi kaununua Deira, mwaka wa nne huu anarowekea ukwaju humo. Daktari akajishika kichwa, akacheka hadi machozi. Akasema ukwaju una tartariki kuishinda zabibu yenyewe. Georgia hakuna mikwaju, ndiyo maana mitungi yao inaaminika. Kwetu, ssebo, bwana wangu, ukipima chungu uanze kwa kumuuliza mwenye jiko.

Thuwein akaweka kidole mdomoni. Mwezi mzima, Mjomba. Khalas, yamekwisha. Kibibi anataka mtungi mpya.

Ijumaa, 1 Disemba

Ijumaa yangu ya kwanza ya kimya. Nimekaa wima. Kimya chenye hadhi. Rama akasema wallahi hakutegemea, mtu huyu anaweza. Nikaona si haki wasijue kipaji hiki asili yake. Nikawadokeza kwa ufupi tu: babu yangu alinyamaza miaka saba, nyuki wakajenga ndevuni mwake na asali tukarina. Nikaeleza, hatua kwa hatua, jinsi ukoo wetu unavyofundishana kunyamaza. Nikazungumza saa moja na nusu. Thuwein kaongeza mwezi. Nimemwambia aongeze hata mwaka, Dubai nzima hakuna anayenishinda kwa kunyamaza, na nikaanza kumpa mifano.