Ukoo wa Ollerenthwaite Umetuacha Nje

Kiomboi, Iramba,
Singida.

Kwa Katibu,
Chama cha Kumbukumbu za Ukoo wa Ollerenthwaite,
Uingereza.

Ndugu Katibu,

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama sivyo, naisubiri ya kwako. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndugu hawawekeani mkalimani.

Mimi ni Clement Ollerenthwaite, mkulima wa alizeti. Baba yangu alizaliwa siku ambayo Bwana Ollerenthwaite, mpima barabara, alikwamishwa na mvua nyumbani kwa babu. Kwetu mtoto akizaliwa mgeni yupo, hupewa jina la mgeni. Babu angeweza kusubiri mgeni mwenye jina fupi, lakini mtoto alikuwa ameshafika.

Hivi karibuni binti yangu Lea ameutafuta ukoo wetu mtandaoni, akazikuta kumbukumbu zenu zote: ubatizo, ndoa, makaburi, vizazi kwa vizazi. Sisi hatumo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmemwandika hata farasi aliyewahi kushinda mbio, na picha yake mmeweka. Sisi tuko ukoo mzima hapa, tunasoma na kuandika, na hamjamtaja hata mmoja.

2. Baba alipofariki hamkuja msibani. Tuliwatengea viti chini ya turubai, vikakaliwa na kwaya. Nilimlilia baba, halafu nikalia tena kwa ajili yenu.

3. Hamjatuambia watani wetu ni akina nani. Wenzetu wakifiwa, watani huja kuwachokoza mpaka wafiwa wacheke. Sisi tunalia tu mpaka mwisho. Kama ni Wafaransa, semeni, tuanze kuwatafuta.

4. Hili ndilo linaloniumiza. Lea amechumbiwa na Gerald, kijana mwema wa Mkalama. Wazee wake waliponiuliza ukoo wetu, nikawatajia. Wakatazamana. Wamesema hawaujui, na hawaleti mahari mpaka mzee wa ukoo huo aje kuthibitisha kwamba vijana hawa si ndugu. Mwanangu hali chakula.

Kwa hiyo naomba mtume mzee mmoja, asiyelewa ovyo, aje kabla ya mavuno. Atalala kwangu, atakula ugali wa uwele na mlenda. Mpima barabara alikula akaongezwa. Asimame mbele ya wazee aseme neno moja tu: kwamba kila mwenye jina Ollerenthwaite, popote alipo duniani, ni damu moja, na asiye nalo, kama Gerald, si ndugu yetu.

Mkikataa, nitaitisha kikao cha ukoo hapahapa Kiomboi. Na kwa kuwa sisi ndio tutakaohudhuria kwa wingi, tutapiga kura na kuwafuta ninyi.

Wasalimie wote nyumbani, wakubwa kwa wadogo, pamoja na waliolala makaburini mnakowapiga picha.

Ndimi ndugu yenu wa damu,

Clement Ollerenthwaite

N.B. Wakati nafunga bahasha, amefika babu mzaa mama wa Gerald, Mzee Paskali. Anasema Paskali ni jina la ubatizo tu. Mpima barabara alipotoka kwetu, mvua ilimkamata tena Mkalama, nyumbani kwao, siku aliyozaliwa yeye. Jina lake la kwanza ni Ollerenthwaite. Aliliacha shuleni, mwalimu aliposhindwa kuliita. Tafadhali, mzee asije! Leteni haraka barua yenye muhuri kwamba jina si damu, kwamba mtu yeyote anaweza kuitwa hivyo kwa ajili ya mvua tu, na kwamba sisi hamtujui kabisa.