Wiki Niliyokuwa Msimamizi wa Fukwe

Jumamosi, 3 Agosti

Tumefika kisiwani. Melini nimetapika mara moja tu, tena kwa sababu jirani yangu alikuwa anamenya mayai ya kuchemsha. Mwanyumba hakutapika. Alisimama ukingoni, shati likipepea, anatabasamu kama tangazo la dawa ya meno. Huyu ndiye aliyemwoa dada mkubwa wa mke wangu. Ana duka la dawa. Mimi nauza magodoro. Watu wanadhani dawa ni kitu cha maana kuliko godoro, lakini sijaona anayelala juu ya kidonge.

Jioni Mama mkwe akatukusanya barazani kwenye nyumba ya wageni. Akasema amekuja kuona wajukuu wakioga baharini, hakuja kusikiliza wakwe zake wakibishana. Anataka ufuko wa familia: maji yasiyovuta mtu, mchanga usio na vitu vya kuchoma miguu, maboti yasipite karibu, kivuli kiwepo, na choo kisiwe mbali. Choo alikitaja mara mbili. Mwanyumba kabla hajafungua mdomo, nikasema kazi hiyo niachieni mimi. Mke wangu akanitupia lile jicho lake. Mama mkwe akasema haya, tutaona.

Basi, mimi ndiye msimamizi wa fukwe.

Binti yangu Chiriku (tumempachika jina hilo kwa sababu mdomo wake haupumziki) ana miaka sita na hajawahi kukanyaga bahari. Mapacha wa Mwanyumba wanaogelea kama bata na wamehakikisha analijua hilo. Kabla ya kulala akanishika kidevu, akaniambia niahidi kwamba kabla hatujarudi nyumbani nitamwingiza majini mimi mwenyewe, nimemshika mkono. Nimeahidi. Kwa mtoto huyu naweza kuinywa bahari nzima.

Jumapili, 4 Agosti

Mwanyumba hana adabu. Tunakunywa chai, anasema ameshapita kwenye ufuko ulio nyuma ya nyumba ya wageni. Maji ya magotini, kamba ya maboya, mlinzi mwenye filimbi, choo safi. Akasema hana nia ya kuniingilia kazi. Hana nia, lakini ameingilia!

Nikamshukuru, nikaukataa ufuko wake. Nikawaambia unakaa kama stendi, viti vya plastiki kila mahali. Sababu ya pili, kwamba ameupata yeye, nikaibakiza tumboni.

Nikatoka asubuhi hiyohiyo kufanya ukaguzi. Nina mbinu yangu ya kikazi: nalala chini, nageuka ubavu, nasikiliza mgongo unasemaje. Ufuko wa kwanza ni mawe matupu. Wa pili ulipambwa bendera nyekundu, nikajua kuna shughuli, nikaingia kwa furaha. Wimbi likaniangusha, likaondoka na kandambili zangu. Kijana mmoja akanipigia filimbi na kuniuliza kama mimi ni kipofu. Nikamwambia mimi ni mkaguzi.

Wa tatu, jamani. Mchanga mpana, laini, wa kulala mfalme. Maji yako mbali kule, yametulia kama ya ndoo. Nikajinyoosha. Nikapitiwa na usingizi, na hakuna kipimo kinachozidi hicho. Nimepata ufuko.

Jumatatu, 5 Agosti

Sitaki kuandika. Lakini naandika.

Tulikodi gari baada ya chakula cha mchana. Tukajazana na mataulo, maboya na Mama mkwe. Njiani nikawaeleza kuhusu mchanga. Tukafika. Hapakuwa na mchanga. Hapakuwa na ufuko kabisa. Bahari ilikuwa imepanda mpaka kwenye majabali na inayapiga makofi.

Nikasema jana ulikuwa hapa. Mama mkwe akauliza sasa kauchukua nani. Mwanyumba, kwa ile sauti yake ya kumwelekeza mgonjwa matone ya macho, akaniuliza jana nilikuja saa ngapi. Nikamwambia asubuhi. Akatikisa kichwa, akasema maji hupwa na hujaa, mwanyumba. Kana kwamba sijui. Najua sana. Sikujua tu kwamba yanafanya hivyo kila siku.

Choo hakikuwepo. Tukarudi kwa mwendo wa kasi kwa ajili ya Mama mkwe.

Chiriku alikaa mapajani mwangu na nguo yake mpya ya kuogelea, ile yenye samaki, kavu kabisa. Njia nzima hakusema neno. Mtoto huyu akinyamaza ujue ameumia. Nikamwambia kesho. Mama mkwe akasema ndiyo, kesho, nyuma ya nyumba, kwenye ule wa mkwe mwenzako.

Haiwezekani.

Jumanne, 6 Agosti

Ushindi!

Wakati wa chai nikadondosha habari kama mtu asiye na habari. Nikasema nimekutana na mgeni mmoja anachechemea, amechomwa pale nyuma. Ni wale wadudu weusi wa baharini wenye miiba. Mke wangu akauliza miiba mirefu kiasi gani. Nikaonyesha kidole. Nikaona wananisikiliza, nikaonyesha kiganja. Nikaongeza kwamba mwiba ukiingia unyayoni unapanda na damu, na kwamba hao wadudu wakisikia miguu ya mtu wanatambaa kumfuata. Hapo labda nilijisahau kidogo.

Mwanyumba akasema yeye ameoga pale alfajiri na hajaona mdudu hata mmoja. Nikamwambia alfajiri wanakuwa wamelala.

Mama mkwe akafuta safari. Nikajimiminia chai nyingine, tamu sana. Ndipo nikamwona Chiriku upande wa pili wa meza. Kipande cha mkate kimeganda njiani, hakijafika mdomoni.

Amelala na viatu.

Jumatano, 7 Agosti

Leo nimepata ufuko wa kweli. Nimeuliza saa za maji kupwa na kujaa, nimeuliza watu kuhusu mkondo, nimekiona choo kwa macho yangu. Maji kama kioo, sakafu unaiona, watoto wamejaa. Hata Mwanyumba alikubali kwamba ni salama. Alikubali kwa moyo mweupe, jambo lililonikera.

Mapacha wakajitosa. Mama mkwe akakunja gauni, akaingia mpaka magotini na kucheka peke yake. Chiriku akabaki kwenye mchanga mkavu, viatu miguuni, kamba amezifunga mafundo mawilimawili.

Nikampa mkono. Akarudi nyuma. Nikamwambia wadudu wale wako kwenye ufuko wa baba yako mkubwa tu, huku hawaji. Akaniuliza wamejuaje mpaka uko wapi. Mwanyumba akapiga magoti akamwomba ajaribu naye, akakataa pia. Nikafurahi. Halafu nikaona kidevu chake kinavyotetemeka, furaha yote ikaniishia. Nimemtia hofu mwanangu mwenyewe. Mtoto aliyekuwa anaota bahari kila siku.

Mke wangu akanivuta pembeni. Akataka kujua huyo mgeni anayechechemea amelala chumba gani. Nikasema ameshaondoka. Akauliza kwa meli ipi. Nikaanza kupiga chafya. Akaniambia, Baba Chiriku, nenda kamwambie mtoto ukweli.

Nitamwambia. Ila baba akishasema amedanganya kuhusu wadudu, kesho ataaminiwa kwa lipi? Kuna njia bora zaidi, na inatokana na taaluma yangu.

Alhamisi, 8 Agosti

Godoro la sponji lina hewa ndani. Kitu chenye hewa kinaelea. Mtoto akikaa juu yake, hagusi chini, hakuna mdudu. Miaka mingi niko kwenye biashara hii na hakuna aliyewahi kufikiria hivyo.

Sasa najua kwa nini.

Nililitoa godoro la chumbani kwetu, nikalibeba kichwani mpaka majini, kwenye ufuko wa jana. Nikalipanda kwanza mimi, kwa majaribio, mbele ya watu wote. Lilielea. Nikampungia Chiriku. Kisha likaanza kunywa. Lilikunywa polepole, bila haraka, mpaka likashiba, na mimi niko juu yake nikiendelea kupunga. Wanaume kadhaa walisaidia kulikokota nchi kavu, mmoja wao Mwanyumba. Akaniuliza kama nina mengine ya aina hiyo dukani.

Chiriku alicheka mpaka akakaa chini. Kicheko cha kwanza tangu Jumanne. Nikadhani amepona, nikamwita. Akatikisa kichwa, akashika viatu vyake kwa mikono miwili.

Mwenye nyumba ya wageni amelianika godoro uani, na kila nikipita anaguna. Mimi nalala kwenye mbao. Mke wangu amehamia chumba cha mama yake.

Ijumaa, 9 Agosti

Siku ya mwisho, ahadi bado iko shingoni. Mke wangu kaniambia ni leo, la sivyo atasema yeye.

Nikamchukua Chiriku mpaka ule ufuko wa nyuma. Wa Mwanyumba, ndiyo. Viti vya plastiki, kamba ya maboya, mlinzi, familia nzima nyuma yetu. Nilikusudia kusema ukweli, kweli nilikusudia. Badala yake nikavua viatu nikaingia majini mwenyewe. Nikamwambia aone, hakuna mdudu, wamehama. Nikarukaruka. Nikapiga miguu chini kwa nguvu zote.

Kitu kikanichoma.

Nilipiga ukelele ambao naambiwa ulisikika jikoni. Nikaanguka. Maji yakaingia puani, mdomoni, kila mahali. Niliamini ndio mwisho, tena nakufa kwenye ufuko wa Mwanyumba. Mara nikahisi sikio langu linavutwa. Chiriku. Amekuja mbio na viatu vyake, na gauni lake, mpaka kwangu. Analia huku ananivuta, ananiambia Baba simama, Baba simama.

Nikasimama. Maji yalikuwa magotini.

Yeye yalimfika kiunoni. Akayatazama. Akanitazama mimi, akayatazama tena. Kisha akakaa, yakamfika kidevuni, akacheka. Hakutoka mpaka vidole vimenywea. Nililia. Nikawaambia ni chumvi.

Mwanyumba akanikagua unyayo. Nilikuwa nimekanyaga kitana. Akanifunga bandeji, na Mama mkwe akamsifu kwa kuchagua ufuko mzuri. Chiriku anamweleza kila anayepita kwamba amemwokoa baba yake na wadudu. Wadudu wamemwogopa yeye, anasema, na sasa haogopi kitu. Sijapata kumpenda mtu kama nilivyompenda leo. Kwa nini nimharibie na ukweli?

Jumapili, 11 Agosti

Tumerudi nyumbani jana. Chiriku anataka kujifunza kuogelea, hazungumzi jingine.

Leo mchana Mwanyumba akapiga simu. Anamjua mwalimu mzuri wa bwawani, ndiye aliyewafundisha mapacha. Kila Jumamosi atampitia Chiriku kwa gari lake, ampeleke na kumrudisha. Yeye mwenyewe! Atamshika yeye mkono. Nikamshukuru mpaka nikaishiwa maneno.

Nahitaji siku chache tu za kutafuta bwawa langu. Kwa hiyo nilipokuwa namkatia Chiriku kucha nikamwambia, kwa upole, bila kutia chumvi, kwamba maji ya mabwawa ya mjini huyeyusha vidole vya miguu vya watoto. Havitoki vyote kwa siku moja. Vinaanza vidogo.

Akatazama miguu yake kwa muda mrefu.

Sasa ni jioni. Maji ya kuoga yako kwenye beseni na yanapoa. Chiriku amepanda juu ya kabati, anasema hashuki. Mke wangu ananiita kutoka chumbani. Leo siitwi Baba Chiriku, naitwa jina langu lote, mpaka la babu.